Kengele ya moshi kwa mdogo wangu asiyesikia

Mdogo wangu wa kike hasikii tangu akiwa darasa la pili, alipougua homa ya uti wa mgongo. Sasa ni fundi cherehani, amepanga chumba na sebule Mbagala, anaishi na mwanawe wa miaka minne. Mimi ni fundi umeme. Tangu ahame kwa mama, swali limekuwa hilo hilo: moto ukizuka saa nane za usiku, nani atamwamsha?

Ukiwauliza ndugu watakujibu, "Si majirani wapo?" Wapo, na ni watu wema kabisa. Lakini mlango wake hufungwa kwa komeo la ndani, madirisha yana nondo, na hata ukigonga kwa nyundo, yeye aliyelala hasikii chochote. Zaidi ya hapo, jirani akishauona moto kwa nje, ndani moshi umekwisha kujaa. Moshi huo una kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayomlewesha aliyelala azidi kulala. Wengine wanasema mtoto atamwamsha mama yake. Hilo silikubali. Mtoto wa miaka minne si kengele, na watoto wa umri huo wengi huendelea kulala fofofo hata kengele ikilia juu ya vichwa vyao.

Kengele za kawaida za moshi, zile za duara za kubandika darini, hulia kwa sauti nyembamba ya takriban hezi 3,100, desibeli 85 ukiwa mita tatu kutoka ilipo. Sauti nyembamba ndiyo ya kwanza kupotea masikio yanapochoka. Kwa hiyo hata mzee wako anayesikia redio vizuri mchana anaweza asiisikie hiyo akiwa usingizini. Kwa watu wa namna hiyo imeonekana sauti nzito ya hezi 520 inafaa zaidi. Kwa mdogo wangu, ambaye hasikii kabisa, sauti yoyote ile haina kazi.

Fundi mwingi hapo atakwambia, "Basi mwekee taa ya kumulika." Nami nilipoanza kuuliza Kariakoo, kila duka nililoingia nilioneshwa taa. Taa inasaidia sana mtu akiwa macho: yuko kwenye cherehani, ameipa sebule mgongo, ghafla ukuta unaanza kuwaka na kuzima. Usingizini ni habari nyingine. Mwaka 2007 watafiti wa Australia, Dorothy Bruck na Ian Thomas, waliwajaribu watu wenye usikivu hafifu wakiwa wamelala. Taa za kumulika ziliwaamsha kama 27 tu katika kila 100. Vitetemeshi vya kitandani na vya chini ya mto wa kulalia viliwaamsha karibu 80 na zaidi. Marekani, wanakoruhusu taa chumbani, wanataka iwe kali mno: kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 110, na ikifungwa karibu na dari iwe kandela 177, kwa sababu moshi hukusanyika juu na kuufunika mwanga. Zile taa ndogo nyekundu za king'ora cha dukani hazifikii hapo hata kidogo. Na mdogo wangu analala ndani ya chandarua, shuka amejifunika mpaka kichwani.

Kiziwi aliyelala anaamshwa kwa kuguswa. Hilo ndilo ningependa kila fundi mwenzangu alishike. Taa iwepo, lakini kazi ya kuamsha ifanywe na kitetemeshi.

Kama una ndugu Uingereza, njia rahisi ni kumwomba alete seti iliyotengenezwa kwa ajili ya viziwi: kengele ya moshi, taa, na kisahani kinachotetema cha kuweka chini ya mto, vyote vikiwasiliana kwa redio. Umeme wao ni volti 230 kama wetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa, kwa hiyo unachomeka tu. Hakikisha kisahani kina betri yake ya akiba ndani, maana umeme ukikatika usiku watu huwasha mishumaa, na huo ndio wakati wa hatari kuliko wote.

Sisi hatukuwa na wa kutuletea, ikabidi niunge mwenyewe. Nilinunua sensa za moshi za volti 12 zenye nyaya nne, zile wanazofunga pamoja na mifumo ya kuzuia wezi. Nyaya mbili ni za umeme, mbili ni za swichi iliyo ndani yake. Uzuri wake ni kwamba ikishaunusa moshi inashika na kubaki imeshika mpaka uikatie umeme. Moshi hauwezi kupungua kidogo kengele ikanyamaza kabla mtu hajaamka. Umeme unatoka kwenye betri ya volti 12 ya ampea-saa 7, yenye chaja ndogo inayoijaza muda wote. Kwenye betri niliweka fyuzi, na kwenye mota ya kitetemeshi dayodi ya kulinda swichi ya sensa.

Mtetemo wa kuendelea mwili unauzoea. Wa kukatika-katika unashtua. Nikachukua flasha ya indiketa ya pikipiki, ya elektroniki, maana zile za zamani zinategemea mzigo wa balbu ndipo zipige vizuri. Sasa mota inatetema, inatulia, inatetema. Nje, juu ya mlango, nimefunga king'ora cha kawaida kwa ajili ya majirani, na chini yake taa ili wajue ni chumba kipi.

Kazi kubwa ilikuwa godoro. Analalia sponji ya inchi nane juu ya chaga za mbao. Tulianza kwa kukifunga kitetemeshi kwenye chaga. Ukiweka kiganja kwenye ubao, mkono mzima unakufa ganzi. Alipolala juu ya godoro akanitazama na kuniambia kwa ishara: kama daladala inayopita barabara ya mbali. Sponji ilikuwa imemeza kila kitu. Ndani ya foronya ilikuwa na nguvu vizuri, ila mto wake hukutwa sakafuni asubuhi. Mwisho akalimaliza yeye mwenyewe. Akachukua kipande cha jinzi, akashona mfuko wenye zipu juu ya kitambaa cha godoro, usawa wa mabega, akaacha tundu dogo pembeni la kupitisha waya. Akautia kisahani, akafunga zipu, akatandika shuka. Sasa hata akigeuka vipi, bega moja liko juu yake.

Kisha akaniomba nimjaribu akiwa amelala, na nisimwambie siku. Aliniachia ufunguo, na usiku ule akaacha kufunga komeo kwa makubaliano na mama wa jirani. Nilibonyeza kitufe cha kujaribia nikiwa sebuleni. Alitoka chumbani akiwa amembeba mtoto kabla sijahesabu hata kumi. Kubonyeza kitufe mchana mtu akiwa amekaa macho kunakuonesha kwamba waya zimeungwa, si kwamba ataamka. Msimfungie mtu kifaa mkaondoka bila kumjaribu usingizini, kwa ridhaa yake.

Sensa moja iko chumbani, nyingine sebuleni, zote darini, kama sentimita 30 kutoka ukutani. Jikoni sikuweka ya moshi. Pale pana mafuta ya kukaangia na mvuke, kengele ingelia kila jioni, na kengele inayolia ovyo watu huing'oa. Niliweka ya joto. Za kawaida hushtuka kwenye nyuzi 57, lakini jiko lake liko chini ya bati lisilo na dari, na saa saba mchana joto la pale juu ni kali, kwa hiyo nilichukua ya daraja la juu zaidi. Udi wa Ijumaa na dawa ya mbu ya kuchoma tulikubaliana vikae mbali na sensa. Kila mwezi anabonyeza kitufe na kufuta vumbi kwa brashi laini, maana wadudu wadogo wakiingia ndani nao huishtua.

Simu yake pia ina uwezo wa kuitambua sauti ya kengele ya moshi na kutetema. Mchana ni nzuri. Usiku simu huisha chaji, au huwa iko kwenye meza ya cherehani, kwa hiyo siitegemei.

Kuamka bila pa kutokea hakusaidii. Ufunguo wa geti la nondo sasa unaning'inia kwenye msumari ndani ya mlango, pembeni yake tochi, kwa sababu gizani ishara za mikono hazionekani. Mwenye nyumba amekubali nondo za dirisha la chumbani ziwe na bawaba, zifunguke kwa ndani. Fundi wa kuchomelea anakuja wiki ijayo. Zimamoto hupigiwa 114, na ni simu ya sauti, kwa hiyo mama wa jirani ndiye atakayepiga. Amebandika namba hiyo mlangoni kwake pamoja na maelezo ya njia kutoka barabara kuu.

Rafiki yake, kiziwi pia, naye ameomba afungiwe. Mchoro wa nyaya ninao. Anayeutaka aniandikie, anitajie na aina ya godoro analolalia huyo ndugu yake na unene wake.