Shuka mbili na Athumani wa Roma

Jumamosi ya kwanza tulianza na watu sitini hivi, tukamaliza na saba, na wawili kati yao walikuwa wamelala. Filamu ilikuwa ya Kifaransa yenye maandishi ya Kiingereza chini. Mimi nilishaiona mara nne na bado naipenda. Haikufika nusu saa akina mama wakaanza kukunja mikeka, vijana nao wakahamia kibanda cha mpira, ambako hata usiposikia mtangazaji, goli utaliona.

Klabu yetu ina watu wanne, na tulikuwa tumewaahidi watu wa Ngamiani, hapa Tanga, Jumamosi nane za sinema ya bure, za zamani na za nchi za mbali. Serikali ya mtaa ilikwisharidhia, Bodi ya Filamu tuliipitia kama sheria ya 1976 inavyotaka, projekta tulikodi, na shuka mbili nyeupe tulizishona pamoja tukazitundika uani kwa mzee mmoja. Tulichosahau ni kwamba wengi wa wageni wetu hawasomi Kiingereza. Na maandishi yale yanavyokimbia, hata yangekuwa ya Kiswahili, bibi wa miaka sabini asiye na miwani angeyafuata vipi?

Nikajitia kutafsiri mwenyewe na kubandika maandishi mapya. Wiki nzima nikapata dakika 12. Ndipo mwenzangu akaniuliza, "Kwani kwenye vibanda umiza, vile vya video vya mtaani, wanafanyaje?"

Jibu nililijua, ila nilikuwa nalionea aibu. Sisi tumekulia kwenye sauti za watu kama Lufufu, wanaosimulia filamu ya kigeni juu kwa juu na kutia chumvi pale wanapoona haijakolea. Mimi niliita huko kuharibu kazi ya mtu. Lakini Japani, enzi za filamu bubu, kulikuwa na wasimulizi walioitwa benshi. Walikaa kando ya pazia, na wengine walikuwa na majina makubwa kama waigizaji wenyewe. Kaka yake Akira Kurosawa, yule mwongozaji filamu maarufu wa huko, alikuwa mmoja wao. Nikajiona nimeringa bure.

Tukamtafuta kijana anayekaanga chipsi pale kona, mwenye mdomo mtaa mzima unaujua. Tulimjaribu na Sherlock Jr. ya mwaka 1924, dakika 45, haina maneno ya kumchanganya. Kuna mahali Buster Keaton, mwigizaji wake mkuu, anamwagikiwa na maji ya tangi la reli. Nilimdokeza kijana kwamba siku ile Keaton alivunjika mfupa wa shingo kweli, akaja kugundua miaka mingi baadaye kwa eksirei. Akaitunza habari ile mpaka maji yalipomwagika, ndipo akaitoa. Watoto walidai turudishe mara tatu.

Baada ya hapo tukawa na utaratibu. Alhamisi tunaitazama filamu mara mbili, mimi na yeye. Sauti ya filamu tunaishusha, hatuizimi, maana kilio ni kilio katika lugha yoyote. Tulikubaliana asibadilishe mwisho wala mji. Majina ya watu nilimwachia, baada ya kubishana naye mpaka mafuta ya chipsi yakapoa. Upepo wa bahari uliokuwa ukiivimbisha shuka kama tanga la jahazi tuliutuliza kwa soksi kuukuu zilizojazwa mchanga, tukazishona kwenye pindo la chini.

Jumamosi ya tano ikawa zamu ya Bicycle Thieves, ya Vittorio De Sica, 1948. Antonio, mhusika mkuu, akageuka Athumani wa Roma. Mji wetu huu ni wa baiskeli, hakuna aliyehitaji kuelezwa kazi inapotea vipi baiskeli ikiibwa. Mapema tu mke wa Athumani anazivua shuka za kitandani na kuziweka rehani ili baiskeli ikombolewe. Kijana akanyamaza kidogo, akasema, "Jamani, ndiyo hizi mnazozitazama." Uani kukalipuka kicheko. Baiskeli ilipoibwa, mzee mwenye nyumba alisimama na fimbo yake akielekeza, "Kushoto! Kapita kushoto!"

Dakika za mwisho kijana hakusema kitu. Baba anashikwa ugoni na baiskeli ya mtu, mtoto wake anaona. Nilidhani maikrofoni imekatika, nikainuka kwenda kukagua waya, nikamkuta kaishusha mapajani.

Taa ilipowashwa bibi mmoja aliyekaa mbele, ambaye sikuwahi kumsikia akisema neno, akaniita. "Mwanangu, na zile shuka? Walizikomboa?"

Nimeitazama filamu ile tangu chuoni, na swali hilo halijawahi kunipitia. Nikamwambia filamu haisemi, ila kwa hali ile, sidhani.

Jumamosi iliyofuata alikuja mapema na shuka moja pana ya pamba, imepigwa pasi. Alisema ile ya kwetu ina mshono katikati, kila mtu anaonekana kapasuliwa uso.