Nilivyojifunza majina ya kienyeji ya maua pori ya Uingereza

Wengi tukifika Uingereza tunajifunza kingereza cha kazini na cha ofisini, basi. Mimi nilitaka na majina ya majani. Yaani yale yanayoota yenyewe pembeni ya barabara, maana huku Devon, kusini magharibi mwa Uingereza, njia za vijijini ni nyembamba, kila upande kuna tuta la udongo na juu yake miti iliyosongamana, na ikifika Mei lile tuta lote linajaa maua, meupe, ya pinki, ya bluu, na mimi napita hapo nikienda shifti sijui hata moja linaitwaje. Nafanya kazi ya kea, nalea wazee, na hao wazee ndo waliokua walimu wangu.

Mwanzo nilitegemea apu ya simu, unapiga picha inakuletea jina. Inasaidia ila inakupa jina la vitabuni tu. Nikamwambia babu mmoja leo nimeona stitchwort, akasema sisi tulikua tunaiita pixies, na walivyokua watoto walikatazwa kuichuma kwasababu ni mali ya vile vijitu vya porini, ukichuma vinakupoteza njia usirudi nyumbani. Bibi mwingine kwao ni thunder-flower, ukichuma unaita radi! Na ua ni lile lile, jeupe, petali tano zilizopasuka hadi ukihesabu haraka unasema ni kumi. Hata hilo la stitchwort lina maana yake, stitch ni kichomi, zamani watu walikua wanakunywa mmea huo kutibu kichomi cha mbavuni. Kuanzia hapo nikaacha kuuliza jina sahihi ni lipi, nikawa nakusanya yote.

Kilichonisaidia sana ni daftari. Naandika jina kama nilivyolisikia, huyo mtu amekulia wapi, halafu pembeni jina la Kilatini. Msiudharau huo mstari wa Kilatini. Ukisema bluebell hapa Devon watu wanajua ni Hyacinthoides non-scripta, lile la misituni linalotandika chini pote rangi ya bluu, lakini Mskochi akisema bluebell mara nyingi anamaanisha Campanula rotundifolia, kaua kembamba ka kwenye nyasi kavu ambako Waingereza wanakaita harebell. Majina ya Kilatini ya maneno mawili tunayotumia mpaka leo yalianzia kwenye kazi ya Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, ya mwaka 1753, na bila hayo daftari langu lingekua vurugu tupu.

Kukumbuka sasa. Kukariri hakusaidii, mimi kila jina najiuliza aliyelitoa alikua anaangalia nini. Jack-go-to-bed-at-noon, yaani Jack nenda kalale saa sita mchana, ni ua la njano linalojifunga saa sita mchana, umemaliza, huwezi kusahau. Goosegrass inaitwa pia cleavers, sticky willy na sweethearts, kwasababu inang'ang'ania nguo kama ilivyo kishona nguo kwetu. Bird's-foot trefoil wanaiita eggs and bacon, mayai na bekoni, kwa ile njano yake yenye wekundu, na pia granny's toenails, kucha za bibi, maana maganda ya mbegu zake yamejikunja kama kucha za mguu.

Ila majina niliyoyatilia maanani kuliko yote ni yale yenye kifo ndani yake. Mwezi wa tano lile povu jeupe linalofunika kingo za barabara ni cow parsley, na wazee wanaliita mother-die, ukiliingiza ndani mama yako anafariki. Unaweza kusema ni ushirikina lakini mimi naamini kuna akili hapo, maana cow parsley yenyewe haina shida ila ina ndugu yake hemlock, sumu kali, na kwa mbali ni kama mapacha. Nilienda kuzishika shina zote mbili (na glovu, usiguse mikono mitupu). La cow parsley lina mifereji na vinyweleo vidogo, la hemlock ni laini kabisa na lina madoa ya zambarau, na ukilikaribia linanuka kama mkojo wa panya. Mtoto hawezi kukagua hayo yote, ila akiambiwa mama atakufa hagusi. Na kwenye mitaro yenye maji kuna hemlock water-dropwort, mizizi yake minene imekaa kama vidole ndo wakaiita dead man's fingers, vidole vya maiti. Wakichimbua mitaro ng'ombe wanaila wanakufa. Kwa hiyo tafadhali sana, usile mmea wowote wa porini kwa kufuata jina la mtaani.

Foxglove nayo ni dead man's bells, kengele za maiti, au witches' gloves, glovu za wachawi. Hiyo ilinigusa zaidi kwasababu ya kazi yangu. Mwaka 1775 daktari William Withering aliulizwa kuhusu dawa ya familia ya kutibu kuvimba mwili, siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire, mchanganyiko wa majani ishirini au zaidi, akang'amua kinachofanya kazi ni foxglove, na mwaka 1785 akachapisha matokeo yake. Digoxin, dawa ya moyo ninayoiona kwenye toroli la dawa, inatoka kwenye jamii hiyo hiyo ya mimea. Jina linakwambia inaua, na mama yule alijua pia inaponya!

Kwa anayetaka kuanza, anza na wazee na nenda na picha, usiende na mmea, kwasababu kung'oa mmea pori bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa kwa sheria ya Uingereza ya 1981 ya kulinda wanyama na mimea pori. Onyesha picha halafu nyamaza. Wengine wamesahau walichokula asubuhi lakini ukiwaonyesha ua la utotoni wanataja majina matatu na nani aliwafundisha. Na uandike hapo hapo, kabla shifti haijaisha.