Kinga Isiyokuwa Yangu

Wiki ya kwanza katika kituo changu cha kwanza cha ughaibuni nilikabidhiwa kitambulisho cha kidiplomasia kilichotolewa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi mwenyeji. Balozi aliniita ofisini kwake, akakitazama, kisha akaniagiza niusome upya Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kidiplomasia wa mwaka 1961, ila safari hii nianze na dibaji badala ya kukimbilia ibara zinazotaja haki zangu. Agizo hilo liliniudhi kidogo, kwa kuwa mkataba huo nilikuwa nimekwisha kuufanyia mtihani. Hata hivyo niliusoma usiku uleule. Dibaji inaeleza bayana kwamba shabaha ya kinga na upendeleo unaotolewa humo si kumnufaisha mtu binafsi, bali ni kuuwezesha ubalozi kutekeleza kazi zake ipasavyo kwa niaba ya dola. Nimekwisha kutumikia vituo vitatu tangu siku hiyo, na sijaona somo lililonifaa kuliko sentensi ile.

Nililielewa vizuri zaidi miezi michache baadaye, asubuhi moja ya mvua, nilipochelewa kufunga breki na kuligonga gari lililokuwa mbele yangu. Kosa lilikuwa langu peke yangu. Dereva wa gari lile alishuka kwa hasira, akaanza kunifokea, mara macho yake yakatua kwenye namba za kidiplomasia za gari langu. Alinyamaza ghafla. Kisha akaniomba radhi, yeye niliyemgonga, akataka kuondoka zake. Aibu niliyoiona pale haijanitoka hadi leo. Nilimsihi asubiri, tukawaita polisi, nikaandika maelezo yangu kama mtu mwingine yeyote, bima ikalipia matengenezo, nami nikamwandikia Balozi taarifa kamili kabla ya jioni. Ni kweli kwamba Ibara ya 29 inakataza mwanadiplomasia kukamatwa, na Ibara ya 31 inamkinga na mashtaka ya jinai mbele ya mahakama za nchi mwenyeji. Lakini Ibara ya 41 inamwajibisha kuheshimu sheria za nchi hiyo, na Ibara ya 32 inaweka mamlaka ya kuondoa kinga mikononi mwa dola iliyomtuma, wala si mikononi mwake. Ukiziunganisha ibara hizo utaona kwamba mtu huyu hana chake. Amebebeshwa amana tu.

Watu wengi huniuliza kuhusu dhifa. Zipo, na ni kazi, na nyingi huchosha. Mambo ya itifaki, kama vile nani atangulie nani, yana faida yake, kwani mabalozi wa ngazi moja hupangwa kwa kufuata tarehe waliyoanza kazi rasmi, bila kujali ukubwa wa nchi zao. Utaratibu huo umezuia ugomvi mwingi tangu wajumbe wa Mkutano wa Vienna wa mwaka 1815 walipoafikiana kuhusu ngazi za wanadiplomasia.

Uzito wa kazi, hata hivyo, umo katika ripoti. Ibara ya 3 inataja miongoni mwa majukumu ya ubalozi kufahamu, kwa njia zote halali, hali na maendeleo ya nchi mwenyeji na kuitaarifu serikali iliyotuma. Maneno yale "kwa njia zote halali" ndiyo yanayomtenganisha mwanadiplomasia na jasusi. Nilikuwa nikianza siku kwa kusoma magazeti ya huko, kisha natoka kwenda kuzungumza na wabunge, wahadhiri, wafanyabiashara na maofisa wa wizara, na mchana ninarudi kuandika. Mkuu wangu alinizoesha kutenga mambo matatu ndani ya kila ripoti: kile kilichosemwa, aliyekisema na sababu yake ya kukisema, na maoni yangu mwenyewe. Ukiyachanganya, anayesoma kule makao makuu atayachukulia maoni yako kuwa habari, na pengine uamuzi mkubwa utajengwa juu ya dhana yako. Jambo gumu zaidi ni kuandika lisilotakiwa kusikika. Niliwahi kuandika kwamba mazungumzo yaliyokuwa yakitegemewa sana nyumbani hayatazaa makubaliano mwaka ule, na majibu niliyopata yalikuwa baridi. Sikuibadilisha ripoti. Naamini kwamba ofisa anayeipendezesha taarifa ili kuwafurahisha wakubwa anaiibia nchi yake macho.

Lugha nayo si yako. Waraka rasmi kati ya ubalozi na wizara ya nchi mwenyeji huandikwa kwa nafsi ya tatu, huanza kwa salamu za heshima na humalizika kwa kuthibitisha heshima hiyo tena, hata kama katikati kuna malalamiko makali. Zamani niliona ni unafiki. Sasa naona kwamba salamu hizo huacha mlango wazi, kwa sababu kesho ofisa yuleyule uliyemlalamikia ndiye utakayemwomba msaada saa nane za usiku raia wako anapopatwa na janga.

Nyumbani ndiko amana hii ilikodai malipo makubwa zaidi. Mwenzi wangu aliacha ajira aliyoipenda, kwa kuwa ruhusa ya mwenzi wa mwanadiplomasia kufanya kazi hutegemea makubaliano baina ya nchi mbili, na katika kituo kile hayakuwepo. Mtoto wetu wa kwanza aliacha kubandika picha ukutani tangu kituo cha pili. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba kuzibandua ndiko kunakomchosha. Sikuwa na jibu, na sijalipata.

Na bado, nikiulizwa ni siku zipi nilizoona thamani ya kazi hii, nitazitaja zile nilizokwenda gerezani. Mkataba wa Vienna wa Mahusiano ya Kikonseli wa mwaka 1963, katika Ibara ya 36, unampa raia wa kigeni aliyekamatwa haki ya ubalozi wake kuarifiwa bila kuchelewa akitaka, na unawaruhusu maofisa kumtembelea. Kijana mmoja aliponiona mara ya kwanza alisimama, akasema, "Mheshimiwa, umekuja kunitoa?" Nilimwambia, "Hapana, ndugu yangu. Sina uwezo huo." Nikamweleza ninachoweza: kumpa orodha ya mawakili, kuwajulisha jamaa zake kwa idhini yake, kuhakikisha kwamba anapata mkalimani mahakamani na matibabu akiugua, na kurudi. Hilo la mwisho ndilo aliloliuliza tena na tena, kama nitarudi kweli. Nilirudi kila mwezi kwa miaka miwili na nusu. Wakati mwingine hatukuwa na la kuzungumza kuhusu kesi, akawa ananisimulia ndoto zake kwa lugha yetu, kwa sababu mle ndani hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Barua ya uhamisho ilipofika, nilirudisha kitambulisho, nikakabidhi funguo za nyumba, nikakaa siku mbili kumwandalia anayenipokea majalada yote. La kijana yule niliweka juu kabisa. Kwenye ukurasa wa kwanza niliandika kwa mkono tarehe ya ziara inayofuata, kwamba sikio lake la kushoto halisikii vizuri kwa hiyo anayemtembelea akae upande wake wa kulia, na kwamba mama yake apigiwe simu jioni ya kila ziara, kwani huwa haendi kulala kabla ya kuipokea.