Minyororo ya slasha: siku yangu moja kutoka Nyakato hadi Kigongo

Saa 11:30 alfajiri

Chai ya rangi, viazi vitamu viwili vya jana, daladala ya kwanza kutoka Kishiri. Hapo sina cha kusimulia, labda konda aliyebaki na shilingi mia yangu.

Saa 1:10 asubuhi

Nafika karakanani Nyakato. Mlinzi ananipa "mwangaluka", naitika, na hata koti sijavua naiona: slasha ya trekta, upana mita moja na nusu, imeegemezwa ukutani kama meza iliyopinduliwa. Kwa ambaye hajawahi kuiona, ni sinia kubwa la chuma la kukatia nyasi, linalofungwa nyuma ya trekta. Juu yake kuna giaboksi, chini yake bledi mbili, kila moja inacheza kwenye bolti yake ili ikigonga kisiki irudi nyuma badala ya kuvunjika.

Hii imeletwa uchi. Mbele na nyuma, mahali pa minyororo ya kuzuia mawe, zimebaki alama za grenda. Ubavu wa kulia umekatwa. Shafti ya PTO, ile inayoleta nguvu ya trekta kwenye slasha, haina hata kipande cha ganda lake la plastiki.

Dogo ninayemfundisha kazi anacheka. "Fundi, huyu alikuwa anakwenda vitani."

Namwambia asicheke, maana aliyekata si mjinga. Slasha ninazoletewa zikiwa zimevuliwa ngao, mara nyingi ukichunguza unakuta ngao yenyewe ilikuwa na kasoro. Bati zima likiwekwa mbele, nyasi zinalazwa kabla bledi hazijazifikia. Mwenye shamba analalamika kwamba hazikukatika, dereva anaazima grenda, na habari ya ngao inaishia hapo.

Saa 2:00

Nafungua giaboksi na kumpa dogo kazi ya kuhesabu meno. Gia kubwa 27, ndogo 15. PTO ya trekta hii ni ya mizunguko 540 kwa dakika, yaani 9 kwa sekunde. Zidisha kwa uwiano wa hayo meno, bledi zinapata kama 970 kwa dakika. Ncha ya bledi inachora duara la kipenyo cha mita moja na nusu, kwa hiyo inakimbia zaidi ya kilomita 270 kwa saa. Dogo anarudia hesabu kwenye simu, kisha anatazama kokoto zilizojaa uani kwetu. Mwanza ni mji wa mawe. Huku kwetu nyasi bila jiwe ndani yake ni bustani ya hoteli.

Tunaanza na ubavu. Pleti ya milimita 4, na ninaishusha hadi ipite chini ya usawa wa bledi. Ikiishia juu ya bledi ni pambo tu, jiwe linapita chini yake.

Saa 4:20

Mzee mwenye slasha anafika na bledi imefungwa kwenye gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii imepasuka kidogo hapa, nichomelee tu, nina kazi leo mchana."

Ufa wenyewe ni mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la bolti. Nakataa. Bledi ni chuma kilichopikwa kwa kipimo. Moto wa kuchomelea unakiharibu pembeni ya ufa, kisha kipande cha kilo kadhaa kinaondoka kwa ile kasi tuliyoihesabu. Mzee ananikumbusha kwamba kuna fundi mahali fulani huwachongea watu bledi kwa springi za lori. Najua. Springi ni chuma kizuri, lakini kikishapigwa motoni bila kupozwa inavyotakiwa, huwezi kujua kitapasuka lini.

Tunabishana kwa heshima kama robo saa. Mwishowe anamtuma kijana dukani, naye anarudi na bledi mbili. Mbili, kwa sababu mpya ukiifunga na iliyochakaa, uzito haulingani, slasha inatetemeka na beringi zinakufa. Mzee ananung'unika bei. Simlaumu.

Saa 5:00

Minyororo sasa, ndiyo kazi ninayoipenda. Siichomelei moja moja kwenye sinia. Nachomelea vipande vya engo, vyuma vya pembe, vyenye matundu, napitisha nondo, na pingili ya juu ya kila mnyororo inavaliwa kwenye nondo hiyo. Safu ni mbili, ya pili inaziba mianya ya ya kwanza. Mnyororo ni wa milimita 8, na unashuka hadi karibu na ardhi slasha ikiwa kwenye kimo cha kukatia. Nyasi zinausukuma na kupita. Jiwe linaupiga na kuanguka. Mnyororo ukikatika, unachomoa pini, unavuta nondo, unabadilisha huohuo mmoja, na grenda inabaki ndani ya sanduku.

Saa 6:30 mchana

Umeme umekatika, kwa hiyo tunakula. Ugali na dagaa kwa mama ntilie wa ng'ambo ya barabara. Dogo anauliza kwa nini naisumbukia sana ile shafti, wakati kinachokata ni bledi.

Namwonyesha kovu la begani. Nilikuwa na umri kama wake, napiga grisi trekta ikiunguruma, kwa sababu kuiwasha tena kulihitaji betri ambayo hatukuwa nayo. Krosi, kile kiungo cha shafti, ikadaka ncha ya shati. Kilichoniokoa ni kwamba lilikuwa shati la mtumba, limefuliwa hadi likawa kama karatasi. Lilichanika lote, nikabaki na kola shingoni. Lingekuwa koti la jinzi, mizunguko 9 kwa sekunde isingenipa nafasi hata ya kuita mama.

Ganda jipya tunalolifunga leo linasogea nyuma, ili kitundu cha grisi kifikiwe bila kukata plastiki. Yale yasiyosogea ndiyo watu huyakata kwa msumeno. Ndani yake shafti inazunguka, lenyewe limetulia kwa sababu limeshikwa na kamnyororo kembamba kwenye trekta. Hako kasipofungwa, ganda nalo linazunguka.

Saa 8:40

Umeme umerudi, tumemaliza, tumepakia. Buhongwa, Usagara, hadi upande wa Kigongo, daraja la kwenda Busisi likionekana mbele. Tangu lifunguliwe mwaka 2025 hakuna foleni ya kivuko, na karanga za kusubiria kivuko nimezikumbuka.

Saa 9:30 alasiri

Shamba liko karibu na maji, nusu nyasi, nusu matete. Watoto wameshajipanga kutazama. Vitabu vya baadhi ya mashine hizi huandika watu wakae zaidi ya mita 90; nawapeleka hadi kwenye mwembe wa mbali na kumwachia dogo awachunge.

Raundi mbili safi. Ya tatu, kah! Kishindo kwenye minyororo ya nyuma, jiwe kama yai linaanguka palepale. Mzee anatazama, hasemi kitu.

Ndani ya matete slasha inaanza kukoroma. Dereva anakata PTO na tayari ameshusha mguu. Nampigia kelele, kwa sababu bledi bado zinazunguka, uzito wake unazipeleka muda hata baada ya nguvu kukatwa. Tunasubiri hadi shafti isimame kabisa. Injini inazimwa, ufunguo unaingia mfukoni mwangu, magogo mawili yanawekwa chini ya slasha iliyoinuliwa, maana haidroliki ikivujisha hakuna mwanadamu wa kulishika sinia lile. Ndipo tunachungulia. Kamba ya kokoro na kipande cha wavu, vimejisokota kwenye bolti za bledi kama nywele zilizosukwa. Nusu saa ya kisu na matusi madogomadogo kwa mvuvi asiyejulikana.

Saa 11:15 jioni

Nakagua. Pingili moja ya nyuma imepinda. Namwita dereva aibadilishe mwenyewe, mimi nasimama pembeni mikono mfukoni. Anachomoa pini, anavuta nondo, anahesabu minyororo kwa kidole, anavalisha mpya, anarudisha. Dakika nne hivi. Kisha bila kuambiwa anasogeza ganda la shafti, anakitafuta kitundu cha grisi, anakiona, analirudisha.

Mzee ananilipa nusu. Nyingine, anasema, Jumamosi, akishauza ng'ombe. Ameongeza sato wawili kwenye mfuko wa nailoni, na kijana wake ananiuliza kama zile bledi kuukuu anaweza kuzichukua.

Namwambia yenye ufa inabaki na mimi.