Bagamoyo bila kukimbiwa na bahari
Mwaka jana niliwapeleka wanangu Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka Dar, tukakuta bahari imekupwa. Saa tano, jua kali, tope hadi magotini, na mdogo analia kwa sababu kandambili yake imezama. Nauli imekwenda bure.

Safari hii nilimuuliza mvuvi kwanza. Akanielewesha kuwa siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji hujaa jioni, kwenye saa kumi hivi. Basi tukageuza ratiba. Asubuhi magofu ya Kaole, kwenye msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Mchana pilau niliyopika usiku (hotipoti haijawahi kuniangusha), ndipo tukateremka pwani. Maji yalikuwa kiunoni. Kuwatoa ndiyo ikawa kazi.