Nilimpeleka mjomba kula steki

Kwetu Majengo, Nairobi, steki si kitu cha kuvalia viatu. Unaingia kwenye bucha, unasema "nikatie steki nusu", na muuzaji anajua unataka nyama isiyo na mfupa, ya mishikaki au ya kupikia pilau. Akikuona una haraka anachomekea na kipande cha mafuta chini, wewe unajifanya hukuona, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo nilipompigia mjomba simu kumwambia kwamba Jumamosi nampeleka Westlands kula steki, alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Bucha za huku zimefungwa?"

Mjomba wangu alikuwa na bucha Pumwani kwa miaka mingi, hadi magoti yalipokataa. Kabla ya hapo, kijana mbichi, alijifunza kukata nyama kule Athi River kwenye kiwanda cha Kenya Meat Commission, shirika lililoundwa mwaka 1950, enzi ambazo makopo ya nyama ya Kenya yalikuwa yakivuka bahari. Karo yangu ya kidato cha tatu na cha nne ilitoka kwenye gogo la bucha ile. Sasa mimi ni mhasibu, nimepandishwa cheo mwezi wa tatu, na malimbikizo ya mshahara yakaingia yote kwa pamoja. Nikasema, kabla pesa hazijaliwa na kodi ya nyumba, mzee huyu nimkalishe mahali akatiwe nyama na mtu mwingine.

Nilipiga simu mkahawani kwanza. Kuchinja hakukunisumbua; machinjio yanayolisha Nairobi, hata ukifika Dagoretti, anayeshika kisu kwa kawaida ni Mwislamu. Kilichonikosesha raha ni jiko: nguruwe anachomwa kwenye wavu uleule? Michuzi ina mvinyo? Msichana aliyepokea aliniwekea muziki wa piano dakika nne nzima, kisha akarudi na jibu: nguruwe ana wavu wake, mchuzi wa uyoga una mvinyo, wa pilipili manga hauna. Nikamshukuru, nikaandika kwenye kiganja: PILIPILI MANGA.

Mjomba alikuja na kanzu nyeupe, koti la kijivu na kofia yake ya viua. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, jua la kupasua lami, lakini mle ndani walikuwa wamefunga mapazia na kuwasha taa za manjano kama usiku wa maulidi umeme ukiwa mdogo. Viti vya ngozi. Kitambaa cha mezani kizito hata nikadhani ni shuka. Nilikuwa na hofu, sitadanganya. Nilihofia atamwita mhudumu kwa kupiga makofi. Nilihofia ataongea kwa sauti ya buchani, ile ya kushindana na msumeno.

Yeye alichukua kisu. Kabla ya menyu, kabla ya maji, akakiinua, akapitisha dole gumba kwenye makali, akakiweka chini kama mtu aliyepata habari ya msiba wa mbali.

"Kina meno," akasema.

"Ndivyo visu vya steki vilivyo, mjomba."

"Kisu cha meno ni cha mkate, mama. Nyama ikiwa nyama haikerezwi."

Menyu ikaja. Nyama zote zimeandikwa kwa gramu, jambo ambalo nadhani hufanywa kusudi ili watu wasipige hesabu, ila hawakumtarajia mtu aliyeishi na mizani. Ribai, ile nyama ya mbavuni bila mfupa, gramu 300, shilingi 4,800. Mjomba alivaa miwani, midomo ikacheza kidogo. "Elfu kumi na sita kilo." Mtaani kwetu wiki hiyo nilikuwa nimenunua kilo kwa 700. Akashuka mstari. Tiboni, gramu 500, shilingi 5,400. "Hii elfu kumi na mia nane, na mfupa umo kwenye mizani. Mimi nikimpimia mtu mfupa, ananiitia mwenye mtaa."

Akachagua hiyohiyo tiboni. Akanieleza kwa kidole juu ya kitambaa: ule mfupa wenye umbo la herufi T umegawa nyama mbili, upande mkubwa ni nyama ya mgongo, upande mdogo ni sarara, ambayo ng'ombe haitumii sana maishani mwake, ndiyo maana ni laini. "Ukinunua hii umepata watu wawili," akasema. Nilijua sarara kwa jina tu. Nyumbani sarara ilikuwa nyama ya wagonjwa na wazazi waliotoka hospitali.

Mhudumu, kijana mtanashati mwenye aproni nyeusi hadi magotini, akainama kwa heshima. "Mzee wangu, ungependa iiveje?"

"Iive."

"Sawa, lakini iive kiasi gani? Tuna rea, midiamu, weldan..."

"Kiasi ambacho mama yako angekubali kuila."

Kijana akacheka cheko la kweli, si lile la kazini. "Hiyo ni weldan, mzee, iliyoiva kabisa. Mamangu hawezi kugusa nyingine." Mimi nikaagiza ribai yangu midiamu rea, iwe nyekundu ndani, huku nikikwepa macho ya mjomba.

"Na nundu?" mjomba akauliza.

"Samahani?"

"Nundu. Sijaiona humu. Mmeandika ng'ombe ni Borani, na Borani ana nundu. Iko wapi?"

Ambao hamkukulia mitaa yetu, nundu ni ile nyama ya juu ya bega, imefumwa na mafuta, ukiichoma polepole inadondoka yenyewe makaani. Kwenye harusi hupewa wakwe. Kijana akaenda kuuliza jikoni. Akarudi na mpishi mwenyewe, ambaye alisema kwa unyenyekevu kwamba wao hununua migongo na mbavu tu, zikiwa zimefungwa kwenye plastiki isiyo na hewa, na kwamba nundu haifiki Westlands. Mjomba akatikisa kichwa. Nadhani aliwahurumia.

Lakini mazungumzo yalikuwa yameshaanza, na mpishi alipojua anaongea na mtu wa bucha akamwalika kuona friji yao. Ipo karibu na mlango, ya kioo, ina taa, wateja hupiga nayo picha. Ndani yake mbavu nzima nzima zimeening'inia, zimekauka nje hadi kuwa rangi ya kahawa iliyoungua. Mjomba alisimama pale, mikono nyuma ya mgongo, kanzu yake ikionekana kwenye kioo katikati ya zile mbavu. Hakuuliza chochote kwa muda. Kisha akasema, "Huyu amekula nafaka."

Mpishi akamwangalia. "Umejuaje?"

"Mafuta meupe. Ng'ombe wa majani mafuta yake yana umanjano. Na huyu hajatembea sana."

Ilikuwa kweli: walikuwa wamemnenepesha zizini miezi yake ya mwisho. Nami ndipo nilipoelewa kwamba mtu niliyeogopa ataniaibisha alikuwa ndiye pekee mle ndani, ukimtoa mpishi, aliyekuwa anaona kilichouzwa. Sisi wengine tulikuwa tunaona taa.

Nilitarajia azicheke zile siku 28 za kuning'iniza nyama walizoandika kwenye kioo. Wapi. Alisema Athi River nyama ya wateja wakubwa ilikuwa ikining'inizwa kwenye baridi, kwa sababu ng'ombe akishachinjwa misuli hukakamaa, na ukimpika saa zile unatafuna mkanda. Ikikaa kwenye ubaridi, vimeng'enya vya nyama yenyewe vinailegeza kidogokidogo, na maji yakipungua ladha inakolea. Buchani kwake hakufanya hivyo kwa sababu moja tu: "Maji yakitoka uzito unatoka. Na ule ukoko wa nje unaukata unautupa. Hawa wanauza na kile kilichopotea. Mimi ningemuuzia nani?" Hii ndiyo sababu nyama choma zetu hukaa makaani muda mrefu vile, na kachumbari, na stori, na soda ya pili. Ng'ombe wa asubuhi anahitaji subira ya mlaji. Pale walikuwa wamesubiri kwa niaba yetu, wakatuletea hesabu.

Tukarudi mezani. Mjomba akanikumbusha Carnivore, ule mkahawa wa nyama choma wa Lang'ata uliofunguliwa 1980, jinsi wahudumu walivyopita na nyama kwenye panga, wakikukatia sahanini bila kukoma mpaka ulaze kile kibendera cheupe cha mezani. Aliwahi kupelekwa na Mhindi mmoja aliyekuwa akimuuzia mashine za kusaga nyama. "Pale ulishindwa wewe," akasema. "Hapa sijui nani anashindwa."

Sahani zikaja. Niseme ukweli wa chakula: ribai yangu ilikuwa imekaa peke yake kwenye sahani kubwa kama gurudumu, na kitunguu saumu kilichokatwa katikati na jani moja. Nikaikata. Ndani kijivu tupu, kuanzia ukingo hadi ukingo. Imeiva kama ya mama yake yule kijana. Nikaamua kunyamaza na kula. Nani anataka makelele Jumamosi. Mjomba aliona.

"Umeagiza nyekundu."

"Si kitu, mjomba, ni tamu tu hivi."

"Kijana!" Sauti ya buchani, ile ile. Meza mbili ziligeuka. "Huyu binti ameagiza nyekundu. Mimi mwenyewe siipendi, na simshauri mtu kuila. Lakini ameiagiza, na ni elfu nne na mia nane."

Nilitamani kuingia chini ya lile shuka. Kijana aliomba radhi, akaondoka na sahani. Dakika kumi na tano. Kipande cha pili kilikuwa jinsi nilivyotaka: nje kimefanya ukoko mweusi wenye chumvi, wavu ukiwa mkali kweli, ndani waridi iliyokolea, na mafuta yale meupe yameyeyuka yakawa kama siagi. Maji mekundu yakatiririka kidogo sahanini. Nikamtazama mjomba nikisubiri neno damu.

"Si damu hiyo," akasema kabla sijafungua mdomo. "Damu ilibaki machinjioni. Hayo ni maji ya nyama." Nimekuja kusoma baadaye kwamba wekundu ule ni protini iitwayo mayoglobini, inayokaa ndani ya msuli. Yeye hakuhitaji jina. Alikata kipande kidogo cha ribai yangu, pembeni palipoiva, akakitafuna huku amefumba macho. "Mpishi anajua. Mara ya pili anajua."

Tiboni yake, nasikitika kusema, ilikuwa watu wawili kweli, mmoja mzima na mmoja marehemu. Upande wa mgongo ulikuwa mzuri. Upande wa sarara umekauka kabisa, maana ni mwembamba na laini, huiva mapema zaidi, na ukisubiri mwenzake afike weldan yeye ameshapita. Mjomba hakulalamika hapo. Alisema ameyataka mwenyewe. Alikiacha kisu, akaenda kunawa, akarudi akala kwa mkono, taratibu, mpaka mfupa ukabaki mweupe kama umepigwa msasa. Viazi sikumbuki vilikuwaje. Spinachi ilikuwa na maziwa, hakuielewa.

Bili ilikuja kwenye kijikasha cha ngozi, shilingi 14,950, VAT na ile tozo ya utalii ya asilimia mbili zikiwa ndani ya bei. Nilikuwa nimeshatoa simu nilipe kwa M-Pesa. Mjomba akanyoosha mkono, akavaa miwani.

"Mchuzi ni mitatu humu. Sisi tulikula miwili."

Shilingi 350. Mimi ndiye mhasibu. Wakarekebisha ikawa 14,600, kijana akaomba radhi kwa mara ya pili, nikampa yeye ile 350 na nyingine juu yake kwa sababu makosa yote hayakuwa ya mkono wake.

"Na mfupa nifungie," mjomba akamwambia.

Waliurudisha ndani ya kikasha, ndani ya mfuko mweusi wa karatasi nene wenye kamba za hariri, aina ya mfuko unaobeba manukato. Kwenye teksi aliupakata hadi Majengo, hakuuweka chini hata mara moja. Hakusema asante, si mtu wa hivyo. Alipokuwa akishuka alinipiga kiganja begani mara mbili, kama alivyokuwa akimpiga ng'ombe aliyempenda.

Jumapili saa nne asubuhi nikapata ujumbe wake wa sauti, mvuke ukisikika nyuma na mtu akigonga kifuniko cha sufuria. "Supu imetoka. Ina moshi kidogo, lakini imetoka. Mkaza mjomba wako anauliza, ile mifupa mingine wale watu huiuza au wanaitupa?"

Nambari yao bado ninayo. Nitawapigia Jumatatu.