Siku niliyochagua kusoma instrumenteshen na PLC

Enzi hizo nlikuwa fundi umeme wa mota na kontakta, kufunga star-delta, ile ya kuwashia mota kubwa, nafunga hata usingizini, ila mashine ikigoma kwa sababu ya sensa tunaambiwa msiguse, msubirini mtu wa instrumenteshen, yaani fundi wa vifaa vya kupimia na kuongozea mashine. Jamaa anakuja na laptop, anachomeka kebo, anaangalia angalia kidogo, mashine inaamka, huyo anaondoka, sisi tumebaki na bisibisi mkononi tunatazamana. Iliniuma bana. Nikasema lazima nikasome.

Kozi zilikuwa mbili na mi na rafiki yangu tukaenda kuzikagua zote siku moja. Ya kwanza ni PLC tupu, yaani kile kikompyuta kinachoendesha mashine kiwandani, chumba kisafi, kompyuta nyingi, kila mwanafunzi anaprogramu taa za barabarani kwenye skrini. Nikauliza sensa ziko wapi, nikajibiwa hapa tunatumia simuleta, yaani mashine ya kuigiza kwenye kompyuta. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi na karakana yenyewe ina vumbi, tangi la maji, pampu, transmita ya levo chini ya tangi, ile inayopima kina cha maji na kupeleka kipimo kwa waya, na PLC ya Siemens kwenye bodi. Nikashangaa kuona programu yenyewe ni lada, imechorwa kama saketi za rilei, zile swichi zinazovutwa na umeme, nilizozizoea, mwalimu akanambia ndo sababu, PLC za mwanzo kule Marekani mwishoni mwa miaka ya 1960 zililetwa viwanda vya magari kuondoa makabati ya rilei, na mafundi umeme walewale ndo walitakiwa waweze kuzisoma. Hapo woga wa kompyuta ukapungua.

Ila kilichonimaliza ni waya. Tangi lilikuwa nusu, multimita kwenye lupu, yaani waya wa kutoka kwenye transmita mpaka PLC, inasoma miliampia 12, kwenye skrini namba ni 13824 maana tangi likijaa inasoma 27648. Mwalimu akanambia, "Kijana, hebu chomoa huo waya." Nikachomoa. Mita ikashuka mpaka 0.

"Sasa tangi lina maji kiasi gani?"

"Halina kitu mwalimu."

Akacheka, akanionyesha maji yako palepale nusu. Kumbe tangi tupu ni miliampia 4, likijaa ni 20, hiyo 0 maana yake waya umekatika. Akaniuliza, ingekuwa tupu ni 0 ungejuaje kama maji yameisha au panya katafuna kebo? PLC ingeamini tangi limekauka, pampu ingesukuma tu mpaka maji yamwagike chini, na programu yako haina kosa hata moja! Nlikaa kimya nikiwaza mashine zote tulizowahi kubadilisha kadi za PLC bure.

Nikajiandikisha palepale, sikusubiri hata kwenda kuulizia mtu nyumbani. Wiki za mwanzo laptop hatukuigusa kabisa, ni kukalibreti geji za presha na kupima Pt100, sensa ya joto, om 100 kwenye nyuzi sifuri, om 138.5 kwenye nyuzi 100, mpaka unachoka.

Rafiki yangu alichukua ile ya simuleta, akamaliza mapema na kazi akapata, siwezi kusema alipotea. Ila tukikutana lazima tubishane, yeye anasema programu ndo kila kitu, mi namwambia aniletee programu inayojua kwamba kile kijibomba cha kuleta presha kwenye transmita kimeziba na namba inayosomeka vizuri hapo kwenye skrini ni ya jana.